Sura ya 6: Akiba Inayooza

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa bado kazini. Kampuni hiyo hutunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, na tangu jioni hifadhidata yake ilikuwa imeelemewa. Palikuwa na seva mbili: moja ikiwahudumia wateja, nyingine ikiifuata ya kwanza na kunakili kila badiliko. Hii ya pili ilikuwa imeachwa nyuma na kugoma kuendelea. Mhandisi akaamua kufuta folda yake ya data ili anakili upya kuanzia mwanzo. Akaandika amri ya rm -rf, akabonyeza Enter. Sekunde moja au mbili baadaye akashtuka: dirisha aliloandikia lilikuwa la seva ya kwanza, ile yenye wateja. Akaikatiza amri mara moja. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Kufuta folda isiyo yake ni ajali inayoweza kumpata yeyote, na kampuni iliamini imejiandaa nayo. Ilikuwepo programu ya kutoa nakala ya hifadhidata kila siku na kuipeleka kwenye hifadhi ya Amazon. Walipoifungua hifadhi hiyo hawakukuta kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata yenyewe ya toleo la 9.6, kwa hiyo kila ilipoanza kazi ilishindwa na kujizima. Ilituma barua pepe za kueleza tatizo, lakini barua hizo zilikosa saini inayotakiwa, zikakataliwa njiani. Njia nyingine za akiba zikakaguliwa moja baada ya nyingine: hii haikuwashwa, ile haikufaa kwa kazi hiyo. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyopigwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Kuihamisha tu kulichukua saa 18 hivi, kwa sababu ilikuwa kwenye diski za mwendo wa pole. Yaliyoandikwa katikati hapo yalipotea: miradi ipatayo 5,000, maoni kama hayo na akaunti mpya 700 hivi. GitLab waliyaeleza yote hadharani, na maelezo yao yamewafundisha wengi.

Akiba haiozi, wamesema wahenga. Akiba ya kompyuta huoza, na huoza bila harufu. Mahindi ghalani yakiingiwa na dumuzi, unga utauona sakafuni. Nakala ya diski iliyoharibika hubaki na jina lilelile, ukubwa uleule na tarehe ileile, ikikungoja siku ya shida. Ndiyo maana katika sura hii kila amri ya kunakili itafuatana na mwenzake wa kurejesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu, na matumaini hayawashi kompyuta.

Kwa nini tuandike amri badala ya kubonyeza vitufe? Kwanza, siku kompyuta inapogoma kuwaka, madirisha yake mazuri hugoma pia. Utakachokuwa nacho ni flash yenye Linux na skrini nyeusi inayosubiri maandishi. Pili, amri ikishaandikwa kwenye daftari inaweza kurudiwa ilivyo na mtu mwingine, hata mwaka mmoja baadaye, hata ukiwa safarini. Mifano yote hapa ni ya Linux.

Kwanza, ijue diski yako

Amri za diski hazina adabu ya kuuliza mara mbili. Ukiiambia kompyuta imwage data juu ya diski fulani, itamwaga. Kwa hiyo kabla ya lolote, orodhesha diski zilizochomekwa:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,MOUNTPOINT

Utaona majina kama sda, sdb au nvme0n1, na chini ya kila moja patisheni zake: sda1, sda2 na kuendelea. Usiyategemee majina haya peke yake. Diski iliyoitwa sdb leo inaweza kuitwa sdc kesho, kwa sababu tu umechomeka flash kabla yake. Itambue diski kwa ukubwa, modeli na namba yake ya kiwandani, kisha uandike kwenye karatasi ipi ni chanzo na ipi ni mahali pa kupeleka. Safu ya mwisho ya orodha inaonyesha patisheni ipi imepachikwa, yaani mfumo unaitumia sasa hivi. Diski inayotumika hubadilika huku ukiinakili, na nakala yake inaweza kuwa na mwanzo wa saa nne na mwisho wa saa sita. Ukitaka nakala ya diski nzima, washa kompyuta kwa flash ya Linux ili diski yenyewe iwe imetulia.

Nakala ya diski nzima

Amri kongwe kwa kazi hii ni dd, iliyokuwemo kwenye Unix tangu mwaka 1974. Haijui faili wala folda. Inasoma baiti ya kwanza hadi ya mwisho, ikichukua jedwali la patisheni, mfumo endeshi, faili zako, hata mabaki ya faili ulizofuta mwaka juzi.

sudo dd if=/dev/sdb of=/media/akiba/ofisi.img bs=4M status=progress

Herufi if ni chanzo, of ni mahali pa kupeleka. Ukizigeuza, diski tupu itanakiliwa juu ya diski yenye kazi zako, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Mafundi wengi huisoma amri hii kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter, na hakuna anayewacheka. Sehemu ya bs=4M inaiagiza isome megabaiti 4 kwa mkupuo, kwa kuwa kiwango chake cha asili, baiti 512, huifanya itambae.

Jiandae kwa mambo mawili. La kwanza ni muda. Diski ya gigabaiti 500 kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kwa kawaida hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, itachukua saa nne hivi. La pili ni mfumo wa faili wa diski ya akiba. Flash nyingi na baadhi ya diski za nje huja zimefomatiwa kwa FAT32, ambao haukubali faili moja kufika gigabaiti 4. Nakala itakatika njiani, na kama uliondoka kwenda kunywa chai utakuta kipande kinachofanana na kazi iliyokamilika. Tumia ext4, NTFS au exFAT.

Unaweza kuibana nakala inapotoka, ili nafasi tupu ya diski isijaze hifadhi yako:

sudo dd if=/dev/sdb bs=4M status=progress | zstd > /media/akiba/ofisi.img.zst

Ubanaji husaidia zaidi pale nafasi tupu inapokuwa sufuri kweli. Kwenye diski iliyotumika miaka mingi, mabaki ya faili zilizofutwa hubanwa pamoja na zilizo hai, na nakala hubaki kubwa kuliko ulivyotarajia.

Baada ya kunakili, linganisha. Amri ya sha256sum hupitia data yote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Iendeshe juu ya diski, kisha juu ya picha iliyofunguliwa:

sudo sha256sum /dev/sdb
zstd -dc /media/akiba/ofisi.img.zst | sha256sum

Mifuatano miwili ikifanana, umenakili kila kitu. Uhifadhi mfuatano huo kwenye faili ndogo kando ya nakala. Baada ya miezi sita utauhesabu tena, nao utakuambia kama kuna kilichooza.

Kurejesha ni amri ileile ikigeuzwa:

zstd -dc /media/akiba/ofisi.img.zst | sudo dd of=/dev/sdc bs=4M conv=fsync status=progress

Maneno conv=fsync huilazimisha dd isiseme imemaliza mpaka data imefika kwenye diski kweli, badala ya kuning'inia kwenye kumbukumbu ya muda. Diski mpya lazima iwe sawa na ile ya zamani au kubwa zaidi. Hapa wengi hukwama, kwa sababu diski mbili zilizoandikwa gigabaiti 500 na kampuni tofauti zinaweza kupishana kidogo, na upungufu huo mdogo unatosha kukata mkia wa nakala. Jedwali la patisheni la aina ya GPT huwa na nakala yake ya pili mwishoni mwa diski. Ikiwa diski mpya ni kubwa zaidi, baada ya kurejesha nakala hiyo hubaki katikati. Amri ya sgdisk -e huipeleka inakostahili.

Kuionja picha bila diski ya pili

Si kila ofisi ina diski ya ziada ya kufanyia majaribio. Linux inaweza kuifanya faili ya picha ijifanye diski:

sudo losetup --find --show --partscan --read-only ofisi.img

Itakujibu jina, kwa mfano /dev/loop0. Pachika patisheni unayoitaka kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/loop0p2 /mnt

Sasa ingia /mnt na ufungue faili halisi. Usiridhike na kuona majina, kwani majina hukaa sehemu moja ya diski na yaliyomo sehemu nyingine. Fungua hesabu za mwezi uliopita, picha moja na waraka mmoja mrefu hadi ukurasa wa mwisho. Ukimaliza, sudo umount /mnt na sudo losetup -d /dev/loop0. Kazi hii yote ni ya dakika kumi, na inaweza kukuonyesha kasoro ambazo tarehe na ukubwa wa faili haviwezi kukuonyesha.

Nakala ya faili peke yake

Kunakili diski nzima kila siku ni kupoteza muda. Kinachobadilika kila siku ni nyaraka, na kwa hizo kuna rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Ubunifu wao ulikuwa kulinganisha pande mbili na kupitisha mtandaoni vipande vilivyobadilika tu. Kwa mtu anayelipia intaneti kwa bando, tofauti inaonekana kwenye mfuko.

rsync -aHAX --info=progress2 /home/asha/ /media/akiba/asha/

Herufi a huhifadhi tarehe, ruhusa na wenye faili. H, A na X huhifadhi viungo na sifa nyingine ambazo mfumo hulalamika zikikosekana. Mkwaju wa mwisho baada ya asha ya chanzo una maana kubwa: ukiuweka, yaliyomo ndani ya folda ndiyo yanayopelekwa, ukiuacha, folda yenyewe itapelekwa na utakuta asha ndani ya asha.

Kuna nyongeza ya --delete, ambayo hufuta kwenye akiba kila kisichokuwepo tena kwenye chanzo. Inapendeza kwa sababu akiba hubaki nadhifu. Lakini fikiria siku diski ya chanzo haikupachikwa na folda yake ikaonekana tupu. Hapo rsync itatii na kuifanya akiba iwe tupu vilevile. Programu ya utekaji ikifunga faili zako zote kwa msimbo usiku, rsync ya asubuhi itazipeleka hizo zilizofungwa juu ya zile nzima. Kwa hiyo kabla ya --delete, endesha kwanza amri hiyo na -nv, ambayo huonyesha kitakachofanyika bila kukifanya. Bora zaidi, weka matoleo kwa tarehe:

rsync -aHAX --link-dest=/media/akiba/2025-03-01 /home/asha/ /media/akiba/2025-03-08/

Kila folda ya tarehe itaonekana kamili, lakini faili ambazo hazikubadilika zitatumia nafasi moja tu ya diski kupitia viungo. Hii inahitaji mfumo wa faili kama ext4; FAT32 na exFAT havijui viungo hivyo. Ukigundua Ijumaa kwamba waraka uliharibika Jumatatu, wa Jumapili bado upo.

Kurejesha hapa ni kugeuza pande tena, ila kuna mtego kwa anayerejesha mfumo mzima kwenye diski mpya. Linux huzitambua patisheni kwa namba ndefu iitwayo UUID, iliyoandikwa kwenye faili ya /etc/fstab. Diski ukiifomati upya, namba hubadilika. Faili zote zitarudi salama, kisha kompyuta itagoma kuwaka ikitafuta patisheni isiyokuwepo. Tazama namba mpya kwa sudo blkid, uiandike kwenye /etc/fstab, kisha usakinishe upya kipakizi cha GRUB. Aliyenakili kwa dd ana tatizo la upande wa pili: diski zake mbili zina namba moja, na akizichomeka pamoja mfumo unaweza kupachika isiyo sahihi.

Diski inayokata roho

Wakati mwingine mtu anakuja na diski iliyokwisha anza kusumbua: inachelewa kusoma, inakwama, baadhi ya sehemu zake hazisomeki. Weka dd kando, kwa kuwa kwa kawaida husimama kwenye kosa la kwanza. Chombo cha hapa ni GNU ddrescue, kazi ya Antonio Diaz Diaz.

sudo ddrescue -n /dev/sdb okoa.img okoa.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb okoa.img okoa.map

Mzunguko wa kwanza huchukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka sehemu mbovu. Wa pili hurudi kwenye sehemu hizo na kuzijaribu hadi mara tatu zaidi. Mpangilio huu ni wa makusudi: diski inayokufa haina muda, basi kilicho kizima kiokolewe kabla ya kung'ang'ania kilichooza. Faili ya okoa.map huandika kila kipande kilichosomwa na kilichoshindikana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia. Usiiandike picha kwenye diski hiyohiyo mgonjwa, na usijaribu kuirekebisha kwa fsck kabla ya kunakili. Marekebisho yafanyike juu ya picha. Diski ikianza kugonga kwa sauti ya chuma, izime. Hapo amri hazisaidii tena, anahitajika fundi mwenye vifaa vya kufungulia diski.

Akiba ikae wapi

Mpiga picha Peter Krogh ndiye anayetajwa kwa kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Mwaka 1998 studio ya Pixar ilipofuta kwa amri ya rm sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na kanda zake za akiba zikagoma kurejesha, nakala iliyosaidia ilikuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga. Nakala hiyo haikuwekwa pale kwa mpango wa akiba. Kanuni ya Krogh huondoa haja ya bahati ya namna hiyo. Moto, mafuriko au mwizi akiingia ofisini hataacha diski ya akiba kwa kuwa tu iko droo nyingine.

Kuwa macho na chombo chenyewe. Masokoni kuna flash zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 kwa bei isiyoelezeka. Ndani yake mna gigabaiti chache na programu ndogo iliyofundishwa kuongopa; zikijaa, data mpya huandikwa juu ya ya zamani bila onyo. Kabla hujaiamini flash tupu, ipime kwa programu ya f3:

f3write /media/flash/
f3read /media/flash/

Ya kwanza huijaza kwa data inayojulikana, ya pili huisoma tena na kusema ngapi zimerudi salama. Ikikutwa na kasoro, hata kama ni ndogo, isitumike kwa akiba.

Mwisho, nakala inayotoka nje ya jengo ifungwe kwa nywila, kwa mfano kwa gpg -c, kwa kuwa picha ya diski hubeba pia nywila na barua za ofisi nzima. Nywila hiyo ijulikane na watu wawili. Akiba iliyofungwa kwa nywila ambayo aliyeihifadhi amehama kazi haina tofauti na akiba iliyopotea.

Zoezi

Chagua siku moja katika kila miezi mitatu. Chukua nakala ya karibuni kabisa na kompyuta ambayo haina kazi. Mpe daftari la amri mtu ambaye hakuzitunga, umwache arejeshe bila kumsaidia. Atakapokwama, hapo ndipo daftari lina pengo, liandike upya. Pima muda tangu alipoanza hadi faili ya kwanza ilipofunguka, kwa sababu ofisi inayoweza kuvumilia nusu siku bila hesabu zake haitafaidika na akiba inayohitaji siku mbili kurudi. Andika tarehe, jina la aliyerejesha na muda uliotumika.

Tarehe hiyo ndiyo kipimo cha akiba. Mkuu wa ofisi akiuliza kama data ipo salama, fundi asimjibu kwamba nakala hutoka kila usiku, kwani hata kule GitLab iliaminika kwamba hutoka kila siku. Amsomee mstari wa mwisho wa daftari: lini mtu alirejesha, faili gani alizifungua akazisoma, na ilimchukua saa ngapi. Mstari huo ukiwa wa mwaka jana, zoezi lifanyike wiki hii.